Utepe wa Tarehe Kumi na Nne

Kitu cha kwanza nilichokiona ni umbo la shanga zile. Shanga za karatasi hunenepa katikati na kuchongoka pembeni, kwa sababu karatasi hukatwa pembetatu ndefu kabla ya kuviringishwa. Shanga mpya za Gorret zilikuwa nyoofu, kama vipande vya kijiti. Tena chini ya vanishi zilikuwa na vidoti vidogo vilivyopangana, kama manyoya ya kanga. Ilikuwa Jumapili mchana, tumekaa mlangoni kwake, mimi namsaidia kuzitunga kwenye uzi.

"Karatasi gani hii, yaya?" nilimuuliza. Nilimwita yaya kama tunavyoita dada mkubwa kwetu, na yeye alipenda.

"Ngumu, eh? Hata jino hakati! Bwana yangu naleta kutoka kazi. Takataka tu."

Bwana wake alikuwa Koplo Naboth. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha mawasiliano cha kambi ya jeshi, na mimi ndiye niliyekuwa nafagia chumba hicho. Niliushika ule ushanga, nikaugeuza kwenye jua, nikajua ni nini. Nikapitisha uzi.

Mimi si mtu wa kusema. Hata kanisani huwa naimba kwa midomo tu. Shule niliiacha Bukavu, Kongo, nikiwa darasa la tano, mwaka 1996 vita ilipofika, siku ambayo mwalimu alitutuma nyumbani kuchukua madaftari na hatukurudi tena. Nina herufi na hesabu, lakini Kiingereza sina, na Kifaransa changu kiliishia kwenye nyimbo. Baada ya miaka miwili njiani tulifika Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, wawili, baba na mimi. Tulipoandikishwa Kabazana, kituo cha mapokezi, karani alimuuliza kazi yake. Baba akasema mkulima, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mwalimu.

Aliniambia ukweli kidogo kidogo, tukiwa shambani, katikati ya mistari ya maharagi ambako hakuna mtu wa kusikiliza. Alikuwa mtu wa mashine za siri katika jeshi la Zaire. Kazi yake ilikuwa kupokea ujumbe uliokuja kwenye teleprinta, mashine inayochapa maneno yanayotumwa toka mbali, ukiwa mafungu ya herufi tano tano yasiyo na maana, kuupitisha kwenye mashine, na kutoa maneno ya watu. Alinieleza habari hizo kama baba wengine wanavyoeleza habari za ng'ombe wao. Kwa kijiti alinichorea kwenye udongo utepe wenye matundu, ambao ndio ufunguo wa mashine.

"Ufunguo ya siku inaisha na siku yake," alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambamo watu wawili ni bantu babili. "Asubuhi, ile ya jana unaichoma. Halafu majivu unakoroga na mayi mpaka inakuwa sawa na uji mwepesi. Bantu babili banaangalia, bantu babili banatia saini. Majivu mukavu iko karatasi bado. Kuko bantu banaweza kuisoma."

Halafu alikuwa akiufuta mchoro kwa mguu.

"Na kama banakuuliza baba yako anafanyaka nini?"

"Analima."

"Maharagi na mahindi. Basi."

Ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda chetu cha miti, alikuwa na kijitabu chake cha jeshi, chenye picha yake amevaa sare na jina la kazi yake limepigwa mhuri. Mara nyingi nilimwomba akichome. Mtu yule aliyechoma karatasi kila asubuhi kwa miaka kumi na minne alishindwa kuchoma hiyo moja.

Kazi ya kambini niliipata kwa Yayeri, mke wa Kapteni Twinomujuni. Alinikuta nikiuza maharagi Kamukuzi, mtaa wa mjini Mbarara, akanichukua nimfulie nguo. Kambi ilikuwa nje kidogo ya Mbarara. Kapteni ndiye aliyekuwa mkuu wa mawasiliano pale, na siku moja alinitazama nikipiga pasi, akamwambia mkewe mbele yangu kana kwamba mimi ni pasi: "Huyu hajui Kiingereza hata kidogo. Hii ndiyo mutu ya kufagia chumba yangu." Basi nikahamishiwa huko.

Chumba kilikuwa na mlango wa chuma na madirisha ya nondo. Kulikuwa na teleprinta kuukuu kwenye kona, na sanduku la kijivu kando ya redio. Sanduku hilo lilikuwa la sauti. Kapteni akisema, sauti yake inaingia ndani ikiwa maneno, inatoka hewani ikiwa mlio tu, kama mafuta ya moto yakitiwa unga. Mtu yeyote akiinasa hewani anasikia kukaangwa. Mbali huko, kwenye kambi nyingine, sanduku kama hilo linaugeuza mlio kuwa maneno tena. Lakini masanduku yote mawili lazima yawe yamelishwa utepe mmoja wa siku hiyo.

Utepe wenyewe ulikaa ndani ya kikopo cha plastiki, umeviringishwa, karatasi ngumu isiyochanika, upana wa kidole, na matundu mwili mzima. Kipande kimoja kwa siku moja, tarehe imechapwa pembeni. Asubuhi unavuta, unakata, unakipitisha kwenye mdomo wa kifaa, na kifaa kinasoma matundu. Sikuhitaji kufundishwa. Siku ya kwanza nilipoona mkono wa Naboth ukivuta utepe ule, nilisikia harufu ya udongo wa shamba letu.

Kuchoma ilikuwa kazi ya Naboth, na ndoo ya majivu nilikuwa naimwaga mimi kila Jumatatu. Mpaka mwezi wa tatu ndoo ilikuja nzito, na uji mweusi ndani. Kuanzia mwezi wa nne ilikuja nyepesi, na majivu kidogo ya karatasi za kawaida. Kavu. Saini kwenye daftari ziliendelea mbilimbili kila siku, za Naboth na za mwenzake wa zamu. Gorret alikuwa amejifunza kutengeneza shanga kwa wanawake wa sokoni Mbarara, na karatasi nzuri ilimpotezea muda kuitafuta. Mumewe alikuwa nayo bure kila asubuhi. Tena utepe ule hauungui upesi, unanuka, na moshi wake unatoa machozi.

Ndivyo nilivyoelewa Jumapili ile, tarehe tisa mwezi wa tano, mwaka 2004. Nilijua kwamba ni makosa makubwa. Nilijua pia swali litakalofuata: wewe, mfagiaji kutoka Kongo, umejuaje? Nikaendelea kutunga.

Ijumaa tarehe kumi na nne nilikuwa napiga deki wakati Kapteni alipoinua mkonga wa redio. Akasema. Akasikiliza. Kilichorudi ni kukaangwa. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mafuta ya moto. Alikifungua kikopo, akaivuta ncha ya utepe, akatazama tarehe iliyochapwa pembeni.

"Naboth! Hii ni kumi na tano. Wapi kumi na nne?"

Naboth alisimama wima. "Afande, jana ilikuwa ndani."

"Sasa iko wapi?"

"Afande, mimi sijui."

Lakini mimi nilikuwa nimemwona Alhamisi. Alikuwa amechelewa, akavuta utepe kwa nguvu, akakata kirefu mno, vipande viwili vimeshikana. Kifaa kikasoma cha kwanza. Cha pili kilining'inia nyuma yake kama mkia. Saa sita alivikunja vyote pamoja, akavitia mfukoni mwa suruali, akaenda kula kwake.

Wakafunga mlango wa kambi. Wakapekua vitanda. Jumamosi wakapekua tena. Mtu aliyekuwa na kipande hicho na sanduku kama lile angeweza kusikiliza kila neno la siku hiyo, na isitoshe kupotea kwenyewe kulikuwa kosa la kupeleka mtu jela ya jeshi. Jumatatu asubuhi waliniita mimi.

Ofisi ya Kapteni ilikuwa na meza, bendera ndogo, na kiti kimoja ambacho sikuambiwa nikalie. Naboth alisimama kando ya dirisha. Mezani kulikuwa na karatasi iliyokwisha kuandikwa na kidau cha wino.

"Orpa," Kapteni alisema, "wewe ni mutoto mzuri. Unafua vizuri. Sasa ambia mimi, hii karatasi nyembamba ulipatia nani?"

"Sikuchukua, Afande."

"Hapa kwa chumba naingia watu ine. Mimi, Naboth, sajini, na wewe. Sisi watatu ni jeshi ya Uganda. Wewe ni nini?"

Nilitazama kidau cha wino.

"Ni muKongomani," Naboth akasema kutoka dirishani. "Hawa watu, Afande, nakulia chakula yako huku natuma salamu kwa waasi ya porini. Mimi nilisema tangu mwanzo. Hata kucheka hapana cheka. Mutu hapana cheka, ni mutu nahesabu."

Wiki iliyopita mtu huyo alikuwa amekula sombe ya majani ya muhogo niliyopika kwake, akalamba vidole, akaniita shemeji.

"Weka kidole," Kapteni alisema, akisukuma kidau cha wino. "Ukiweka kidole, tunamaliza pole pole. Tunakupeleka kwa polisi ya wakimbizi, wanakurudisha kwenu."

"Mimi najua kuandika jina langu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo sana.

"Sawa. Andika."

"Sitaliandika hapo."

Kapteni alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia kuku akibisha. Halafu akatoa funguo za gari mfukoni na kuzitupa mezani.

"Basi. Gari natoka saa sita kwenda Nakivale. Tunaleta baba yako. Tunageuza nyumba yake juu chini. Kama mutoto nakataa kusema, muzee atasema."

Niliona sanduku la bati likivutwa kutoka chini ya kitanda. Niliona kijitabu. Mtu wa siri wa jeshi la Zaire, aliyejiandikisha kama mkulima, na binti yake anafagia chumba cha siri cha jeshi la Uganda. Nani angetuuliza swali la pili? Baba angeondoka na pingu kwenye ile mikono ambayo ilikuwa imechukua miaka sita kuwa migumu.

Niliangalia funguo kwa sababu sikuweza kuwaangalia watu. Na pale, kwenye pete ya funguo, palikuwa na uzi wenye shanga tano. Nyoofu. Zenye vidoti kama manyoya ya kanga.

Nilizihesabu mara mbili. Nikamsikia baba akisema shambani: majivu mukavu iko karatasi bado. Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Sikuwa nimewahi kuwa na hasira mbele ya mtu mkubwa, na nikashangaa kwamba haitetemeki.

"Afande, hizo shanga umezitoa wapi?"

"Nini?"

"Hizo za funguo."

"Bibi yangu nanunua Jumamosi. Wewe usibadilishe mambo."

"Fungua moja."

"Eti?"

"Chukua wembe, ufungue moja. Kama sikusema kweli nitaweka kidole. Vidole vyote kumi nitaweka."

Naboth aliondoka dirishani. "Afande, huyu nacheza na kichwa yako. Anataka muda gari isitoke. Mwache mimi nipeleke—"

"Simama huko," Kapteni alisema. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuniona uso. Akafungua droo, akatoa wembe, akakwangua vanishi ya ushanga wa kwanza na kuanza kuufungua. Utepe uligoma, ukajirudi, akaubana kwa kucha. Ukalala mezani. Matundu, safu kwa safu.

Alifungua wa pili. Alifungua wa tatu, na pembeni mwa huo palikuwa na tarakimu mbili ndogo zilizochapwa. Moja, nne.

Gari lake lilikuwa limezunguka Mbarara nzima tangu Jumamosi na ufunguo huo ukining'inia chini ya usukani. Lilikuwa limepaki sokoni. Lilikuwa limepaki kanisani.

"Naboth," alisema taratibu sana.

"Afande, labda huyu musichana ndiye—"

"Nyamaza." Akanigeukia. "Nani nauza hii?"

"Muulize mama Yayeri amenunua kwa nani. Mimi sikuitwa hapa kutaja watu. Niliitwa mwizi."

"Na wewe ulijua?"

"Ndoo, Afande. Ndoo ya majivu inakuja kavu tangu mwezi wa nne. Majivu ya utepe lazima yakorogwe na maji."

Nikajua nimekosea kabla neno halijaisha. Kapteni aliweka wembe chini. Akanyanyua mkono, akaonyesha karatasi ya sheria iliyobandikwa ukutani nyuma yake.

"Hiyo sheria iko pale. Iko Kiingereza. Wewe hujui Kiingereza, ndiyo sababu mimi nilikuchukua. Sasa nani alikufundisha kwamba nakoroga na maji?"

Kule nje mtu alikuwa anafagia changarawe. Nilisikia kila mkwaruzo.

"Hakuna mtu," nilisema. "Mimi ndiye namwaga ndoo. Ilikuwa inakuja na maji, sasa inakuja bila maji. Matundu hayana Kiingereza, Afande. Nayo ndoo haina Kiingereza."

Alinikazia macho. Mimi pia sikuyashusha yangu. Halafu akatazama vile vipande vitatu mezani, akatazama funguo, na nikaona jinsi mtu anavyopiga hesabu ya aibu yake. Akiuliza sana kuhusu mimi, ataulizwa sana kuhusu gari lake. Akaichana ile karatasi waliyokuwa wameniandikia, vipande vinne.

Mchana huo kambi nzima ilivuliwa shanga. Askari wawili walipita nyumba kwa nyumba na gunia, na wanawake waliwafuata wakiwacheka.

"Eh! Vita imekwisha, sasa munakuja kushika shanga?"

"Wewe, bwana ssebo, chukua na pete ya sikio! Labda iko na bunduki ndani!"

"Mawe, mama yangu! Mwezi mzima nimevaa siri ya serikali, na bwana yangu kila siku nasema mimi siwezi kutunza siri!"

Waliwasha moto ndani ya pipa nyuma ya jiko, kwa mafuta ya taa. Vanishi ilitoa moshi mweusi uliotufukuza wote. Mimi niliamriwa kuleta maji. Nilileta madumu matatu, na Kapteni mwenyewe akakoroga kwa mti mrefu, jasho likimtiririka, mpaka pipa likawa na uji mwepesi. Watu wawili wakatia saini.

Gorret alikuwa amefika wa mwisho, moto ungali unawaka. Alivua mkufu kutoka shingoni, akautupa motoni bila kuangalia, akaja kusimama karibu yangu. Naboth alikuwa amekwisha kupelekwa upande wa mahabusu, bila mkanda.

"Ulijua," Gorret alisema.

"Nilijua Jumapili."

"Tulikaa pamoja. Ulikula kwangu. Kwa nini hukuniambia? Ningechoma mwenyewe, Orpa. Siku hiyo hiyo. Hakuna mutu angejua."

Niliokota madumu matupu. Kuhusu Naboth nalala usingizi. Alitaka kulipia mfuko wa suruali yake kwa maisha ya baba yangu. Lakini Gorret hakuwa amefanya jambo lolote zaidi ya kupenda karatasi nzuri, na kimya changu ndicho kilichomchoma, si maneno yangu.

Saa nane Kapteni aliniambia: "Kazi imekwisha. Chukua vitu yako, enda. Shukuru Mungu."

Nilichukua vitu vyangu. Vilienea kwenye kitenge kimoja. Halafu nikarudi mlangoni pake.

"Nataka barua."

"Barua ya nini tena?"

"Inayosema sikuiba. Kambi nzima imesikia nikiitwa mwizi. Watu wa Nakivale watasikia kesho. Nani atasikia kwamba si kweli?"

"Jeshi hapana andikia mukimbizi barua. Enda!"

Nikaenda, mpaka getini. Pale nikakaa juu ya kitenge changu, mahali ambapo gari lolote linalotoka lazima linione. Askari wa zamu aliniambia niondoke. Nikamwambia anibebe. Alicheka, hakunibeba. Kapteni alitoka na gari, akarudi, akanikuta. Akatoka tena. Jua lilinihamia kutoka bega moja kwenda jingine. Niliogopa, sisemi kwamba sikuogopa. Niliogopa nikiwa nimekaa palepale.

Aliporudi mara ya tatu alisimamisha gari. Funguo zake sasa zilikuwa kwenye kipande cha waya.

"Wewe una kichwa ngumu kama ile karatasi," alisema. Akatoa daftari, akaanza kuandika juu ya usukani.

"Kwa Kiswahili, Afande."

"Eti?"

"Niweze kuisoma."

Alipumua kwa pua. Akachana alichoandika, akaanza upya. Mistari minne, Kiswahili cha jeshi, na mhuri alioufuata ofisini kwa miguu yake mwenyewe. Ilisema kwamba Orpa Byamungu alifanya kazi ya usafi, hakuiba kitu, na ameondoka bila kosa. Niliisoma yote mbele yake, taratibu, kidole chini ya kila neno. Halafu nikamshukuru.

Kesho yake nilifika Nakivale mchana. Baba alikuwa anapalilia. Alisoma barua akiwa ameegemea jembe, akanisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza halikuwa juu yangu.

"Na majivu? Balikoroga?"

"Balikoroga, baba. Na mayi mingi. Kapteni mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mu shanga, ndani ya shanga!" alisema. "Miaka kumi na ine nachoma, na hata siku moja sikufikiri juu ya shanga!" Halafu kicheko kikakatika. "Balikuuliza nani alikufundisha?"

"Ndiyo."

"Na weye ukasema?"

"Nilisema hapana mutu."

Alitikisa kichwa kukubali. "Ulifanya vizuri, mama," akasema, akainama na kuendelea kupalilia. Lakini nilikuwa nimeuona uso wake kabla hajainama. Alikuwa amefurahi kuwa salama. Na kulikuwa na kitu kingine pia, kama mtu aliyesimama kwenye mstari akasikia majina yote yakiitwa, lake likarukwa.

Alifariki mwaka 2013, kifua, wiki ya kuvuna mahindi. Kwetu, kabla ya jeneza kushushwa, lazima mtu asimame asome historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Mchungaji alijua kwamba mimi siwezi kusema mbele ya watu. Alikuwa ameandika mwenyewe kwenye karatasi: Anatole Byamungu, mzaliwa wa Walungu, mkulima. Watu walikuwa wengi, wengine wamekuja toka makazi ya wakimbizi ya Oruchinga. Aliposimama kusoma, nilimwomba ile karatasi. Alinipa, akidhani nataka kuiweka ndani ya kaburi.

Nikasimama. Kijitabu kilikuwa ndani ya kitenge changu, tumboni. Nikakitoa, nikakifungua kwenye picha, nikakiinua ili hata walio nyuma waone sare, na nikasema:

"Baba yangu hakuwa mkulima. Alijifunza kulima hapa, kwa ajili yangu. Anatole Byamungu alikuwa mtu wa mashine za siri za jeshi kule Bukavu. Siku mji ulipoanguka alibaki peke yake ndani ya chumba. Aliivunja mashine kwa nyundo, akachoma funguo zote, akakoroga majivu kwa maji, akatia saini yake, na kwa sababu hakukuwa na mtu wa pili akatia alama ya msalaba mahali pa saini ya pili. Halafu ndipo akaja kunichukua. Kuna mtu mkubwa aliwahi kuniuliza nani alinifundisha. Nilimjibu hakuna mtu. Nilidanganya. Ni huyu."